Analogi na Dijitali katika Swichibodi Moja: Mfano wa Lodwar na Kakuma

Tangu Kenya ihamie kwenye televisheni ya dijitali mwaka 2015, maneno analogi na dijitali yamezoeleka kwa maana ya ukale na usasa. Matumizi hayo yanapotosha, kwani katika taaluma ya simu tofauti si ya umri bali ya namna sauti inavyosafirishwa. Wanaisimu huijua analojia kuwa ni mfanano, na hiyo ndiyo asili ya istilahi hii: katika laini ya analogi, umeme hupanda na kushuka kwa kufanana na sauti yenyewe. Katika laini ya dijitali, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu nane za sifuri na moja.

Chukua mfano wa ofisi iliyoko Lodwar yenye tawi Kakuma, umbali wa kilomita zipatazo 120. Simu zake za ndani ni za dijitali, ilhali faksi na laini ya nje ni za analogi. Plagi hufanana, na hapo ndipo hasara huzuka. Faksi ikichomekwa kwenye tundu la simu za dijitali haitafanya kazi, na huenda ikaungua. Hata matundu ya analogi yana ngeli mbili, mtu akipenda kuyaita hivyo: moja hutoa umeme na mlio wa kengele, jingine hupokea. Laini ya nje huja na umeme wake wa volti zipatazo 48, hivyo hustahili tundu linalopokea. Faksi hungoja kupewa, hivyo hustahili linalotoa. Watoaji wawili wakikutanishwa, kadi ya swichibodi yaweza kuharibika, na tawi likabaki bubu hadi fundi afike.

Kasoro nyingine ni mwangwi. Mahali waya wa analogi unapokutana na mitambo ya dijitali, sehemu ya sauti humrudia msemaji. Katika safari fupi haisikiki. Kiungo cha Kakuma kikipitia setilaiti iliyo juu kilomita zipatazo 36,000, sauti hurudi baada ya nusu sekunde hivi, na msemaji hukatizwa na maneno yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo kadi inayounganisha laini hizo sharti iwe na uwezo wa kufuta mwangwi, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani.