Ukokotoaji wa Sauti ya Siwa kwa Mbinu za Kinambari: Vyanzo vya Makosa

Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ala kongwe za aina hii haziwezi kupasuliwa ili zichunguzwe, na kila upulizaji una hatari yake. Hivyo basi, kukokotoa sauti kutokana na umbo la ndani ni njia ya kuikadiria bila kuidhuru ala. Makala haya yanafafanua ukokotoaji huo na kubainisha mahali ambapo makosa hujificha.

Kwanza, uwazi wa ndani hugawanywa katika vipande vifupi vyenye umbo la koni iliyokatwa ncha. Kila kipande huwakilishwa na matriki ya 2 kwa 2 inayohusisha kanieneo na mtiririko wa hewa katika ncha zake mbili. Matriki hizo zikizidishwa kwa mfuatano, hupatikana impedansi, yaani uwiano wa kanieneo kwa mtiririko mahali pa kupulizia. Vilele vya impedansi hudokeza masafa ambayo midomo ya mpulizaji inaweza kuyadumisha.

Pili, siwa hupuliziwa ubavuni. Sehemu iliyoziba, kati ya tundu la kupulizia na ncha nyembamba, sharti iingizwe katika modeli kama tawi. Ikiachwa, modeli itakuwa ya ala nyingine.

Tatu, kuna halijoto. Kasi ya sauti katika hewa kavu ni takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za Selsiasi, na mita 349 katika nyuzi 30. Kwa kuwa masafa huenda sambamba na kasi hiyo, tofauti hii hupandisha kila noti kwa takriban senti 29, ambapo nusutoni moja ina senti 100. Mtafiti anayetumia mita 343 kwa hewa ya Lamu yenye joto hilo atakuwa amekosea kabla ya kuanza hesabu.

Ikumbukwe kwamba kuongeza idadi ya vipande hadi matokeo yasibadilike huthibitisha tu kuwa mlinganyo umetatuliwa vyema. Hakuthibitishi kuwa mlinganyo huo ni wa siwa iliyokusudiwa. Kwa hiyo, kila tasnifu inayowasilisha masafa yaliyokokotolewa haina budi kutaja halijoto, mahali pa tundu la kupulizia na kiwango cha mashaka cha vipimo vyake.