Kijumba cha mapumziko kisichokula umeme: Muyinga walishaonyesha njia

GITEGA/MUYINGA. Anayevuka Kobero jioni na mzigo wake, akalala Muyinga ili kesho apite Karusi kwenda Gitega, anaijua baridi ya milima ya Burundi. Muyinga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Gitega, mji mkuu wa kisiasa, iko kwenye mita 1,500 hivi. Mchana jua linachoma. Usiku mtu anatafuta blanketi la pili. Wengine hulala kwenye kabini ya lori, wengine gesti, na wengine chumba cha kukodi ambako jiko la mkaa huingizwa ndani na mlango kufungwa ili joto lisitoke. Jiko hilo huua, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu. Mtu hulala na haamki.

Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye kiwanja kando ya njia hii anapofikiria kujenga kijumba cha kupumzikia, hafikirii anasa. (Na isieleweke vibaya: hapa haizungumzwi ile "nyumba ndogo" ya mitaani, ingawa hata hiyo ina gharama zake.) Anachotaka ni chumba kimoja na baraza, vitanda viwili, mahali pa kufungia mzigo, ubaridi mchana na joto usiku bila jiko ndani. Swali ni kama kijumba hicho kinaweza kusimama bila kuzika mtaji wote kwenye saruji.

Jibu lililozoeleka ni kuta nyembamba za bloku na bati juu yake. Hujengwa haraka, ni kweli. Lakini bati hupokea jua na kulimwaga ndani papo hapo, kisha usiku hulipoteza joto hilo haraka vilevile. Saa nane mchana ni tanuri, saa kumi usiku ni jokofu, na mvua ikinyesha hakuna usingizi wala mazungumzo ya simu. Saruji nayo husafiri kwa lori, na katika miaka hii ambayo mafuta yamekuwa yakiadimika Burundi, kila mfuko hubeba pia bei ya dizeli. Wanaotumia tofali za kuchoma hawajaikwepa gharama, wameihamishia kwenye kuni, na milima ya Burundi haina miti ya kuchezea.

Wazee walijua

Pale Gitega kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, na kilomita chache nje ya mji kuna Gishora, boma la mfalme Mwezi Gisabo, maarufu kwa ngoma zake. Watalii hufuata ngoma. Anayetaka kujenga afadhali atazame nyumba. Inzu ya jadi ni ya duara, imeezekwa kwa nyasi nene, na paa lake hushuka karibu kugusa ardhi, hivyo jua na mvua hazifiki kwenye ukuta. Nyasi zile zimejaa hewa iliyonaswa, na hewa iliyonaswa ndiyo blanketi. Mlangoni paa hujitokeza mbele na kuacha kivuli ambapo mgeni hungoja, hupumzika na kuzungumza kabla ya kukaribishwa ndani.

Inzu ilikuwa na kasoro zake: giza, moshi, na nyasi zinazotaka kubadilishwa kila baada ya muda. Hakuna haja ya kuirudia ilivyo. Lakini mambo yake mawili, paa linalofunika ukuta na baraza linalotumika kweli, yalichukuliwa na kujengwa upya Muyinga, safari hii kwa udongo.

Maktaba ya Muyinga

Maktaba hiyo ilikamilika mwaka 2012 kama hatua ya kwanza ya shule ya watoto viziwi, kwa ushirikiano wa shirika la ODEDIM la Muyinga na wasanifu vijana wa BC Architects kutoka Brussels. Ina ukubwa wa mita za mraba 140 hivi, mara nyingi zaidi ya kijumba kinachozungumzwa hapa. Hata hivyo kila kilichofanya jengo lile lipoe bila feni kinaweza kupunguzwa hadi kipimo cha chumba kimoja.

Kabla ya kuchora, wasanifu walizunguka kutazama watu wa eneo lile wanajengaje na udongo wao ukoje. Zikapatikana mashine mbili za kushindilia tofali, nzima kabisa, zimekaa bila kazi chini ya vumbi la miaka mingi. Hizo ndizo zilizofyatua tofali za maktaba: udongo wa hapohapo, ukashindiliwa kwa nguvu ya mikono na kukaushwa kivulini. Hakuna tanuri, hakuna kuni.

Kuta ni ndefu kwenda juu, na nguzo nene za tofali hizohizo, zilizopangwa karibu karibu, zinaziegemeza zisiyumbe. Juu zimeachwa nafasi kati ya tofali na tofali, kwa mpangilio unaofanana na nakshi. Hewa ya moto hupanda na kutokea huko, na jioni taa zikiwashwa jengo lote hung'aa kama fanusi. Paa limebebwa na miti ya mikaratusi ya kienyeji na kuezekwa kwa vigae vya udongo vilivyochomwa hukohuko. Kwa watoto wadogo ulining'inizwa wavu mpana wa kamba za mkonge, wanapanda na kusoma wamejilaza. Ufundi wa kusuka kamba ile ulikuwa umebaki kwa mzee mmoja jirani. Akawafundisha wengine wanne, na kazi ikawa ya kuingiza pesa. Baraza, kwa makusudi, lilifanywa kubwa kuliko kawaida.

Wasanifu wale walirudi Brussels na udongo ukawa ndiyo kazi yao. Leo wana karakana huko inayouza vifaa vya ujenzi vya udongo kwa Wabelgiji. Muyinga ilisafirisha maarifa, ingawa hakuna karatasi ya forodha inayoonyesha hivyo.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuseme kijumba ni mita 4 kwa 5. Mzunguko wa kuta ni mita 18. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, na ukitoa mlango na madirisha, hubaki mita za mraba 42 hivi. Tofali la kushindiliwa lenye urefu wa sentimita 29, upana 14 na kimo 9 hupanga ukuta wa unene wa sentimita 29 kwa tofali 67 hivi kila mita ya mraba. Jumla ni karibu tofali 2,800, kila moja likiwa na uzito wa kilo 7 hivi. Kundi la watu watano au sita likizoea mashine ya mkono na kutoa tofali 300 kwa siku, humaliza kufyatua ndani ya siku kumi.

Unene huo si ufahari. Joto huchukua muda wa saa 8 hadi 10 kupenya ukuta mzito wa udongo wa kiasi hicho. Jua la saa nane mchana linafika ndani kati ya saa nne na saa sita usiku, wakati mtu ameshavua viatu na baridi imeanza kushuka. Ukuta umefanya kazi ya jiko, bila mkaa na bila kuua mtu.

Ni saruji kiasi gani? Fundi akichanganya asilimia 5 kwenye tofali zote, inahitajika karibu tani moja, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Lakini si lazima tofali zote ziwe nayo. Adui wa udongo ni maji, na maji hushambulia zaidi chini, pale matone yanaporuka kutoka ardhini. Mistari mitano ya mwanzo ikitiwa saruji, nayo ni tofali 600 hivi, mifuko minne na kidogo inatosha. Zilizobaki juu zinalindwa na paa. Hesabu hii ni ya tofali peke yake. Msingi wa mawe, utakaonyanyua ukuta angalau sentimita 40 kutoka ardhini, na sakafu vina saruji yake.

Udongo wenyewe hupimwa kwa chupa. Unatiwa nusu, maji yanajazwa, chupa inatikiswa na kuachwa hadi kesho. Mchanga hutua chini na mfinyanzi hukaa juu. Mfinyanzi ukiwa kama sehemu moja ya tano ya udongo, hapo panafaa. Ukizidi sana tofali litapasuka likikauka, ukipungua sana litamong'onyoka. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji uwekwe kando kwa ajili ya shamba. Tofali zenye saruji zifunikwe kwa nailoni wiki nzima zisikauke haraka, kisha zingoje wiki nyingine tatu kabla ya kujengewa. Wengi hukosea hapa, kwa haraka tu.

Paa ndilo linaloamua

Mwenye kubana pesa abane pengine popote, si kwenye upenu. Maktaba ya Muyinga ina paa lenye mteremko wa asilimia 35, yaani linashuka sentimita 35 kwa kila mita moja, na upenu unaotoka nje vya kutosha kuziweka tofali mbali na mvua. Kwa kijumba, upenu wa mita moja pande tatu na baraza la mita mbili upande wa nne ni kiasi kizuri. Paa lote linakuwa na mita za mraba 52 hivi, kubwa mara mbili na nusu kuliko chumba chenyewe. Mpita njia atacheka. Ukuta hautacheka.

Vigae vya udongo vinatuliza joto na mvua haipigi kelele, ila ni vizito. Kwa paa la ukubwa huo vinaweza kupita tani mbili. Ndiyo maana miti ya mikaratusi lazima iwe imekauka, imetibiwa dhidi ya mchwa na kupangwa karibu karibu, na ndiyo maana upana wa mita 4 ni bora kuliko 6. Na lisemwe wazi: vigae huchomwa kwa kuni, kwa hiyo si vya bure kwa milima. Anayechagua bati asione aibu, mradi chini yake aweke dari ya mikeka ya matete na kuacha njia ya hewa kati ya dari na bati. Bati bila dari huiharibu kazi yote iliyofanywa na ukuta.

Upande wa jua haupaswi kubahatishwa. Muyinga na Gitega ziko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, hivyo mchana jua huwa karibu na utosi mwaka mzima, na upenu huweza kulizuia kaskazini na kusini. Asubuhi na jioni ndipo linapoingia chini ya upenu. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yawe humo, yakikabiliana ili upepo upite. Ukuta wa magharibi uachwe bila dirisha, na kitanda kiwekwe karibu nao. Jua la jioni linalouchoma ndilo litakalompa mlalaji joto usiku. Nafasi za juu za hewa ziwekewe wavu wa mbu, na zisizibwe hata siku za baridi. Jiko likae barazani.

Umeme wa kijumba

Umeme umefika kwa watu wachache Burundi, ingawa mambo yanasogea: kituo cha sola cha Mubuga, karibu na Gitega, kinatoa megawati 7.5 tangu 2021, na mtambo wa maji wa Rusumo wa megawati 80 unagawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Kijumba hakina haja ya kusubiri nguzo. Taa tatu za wati 5 kwa muda wa saa 5, simu mbili na redio hutumia wati-saa 115 hivi kwa siku. Paneli ya wati 50 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 zinatosha, pamoja na akiba kidogo ya siku ya mawingu. Pasi na friji ni habari nyingine.

Vinavyobaki kuvuka mpaka ni vichache: saruji kidogo, vioo, bawaba, misumari, paneli na betri. Hapo mfanyabiashara yuko nyumbani. Kituo cha pamoja cha Kobero na Kabanga kinampa ukaguzi wa pande mbili mahali pamoja, na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha ya pamoja, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Paneli iliyotoka Asia haiingii kwenye cheti hicho hata kama imenunuliwa Ngara. Ushuru wake uulizwe kwanza, kabla ya kulipia.

Jambo la mwisho ni kalenda. Kiangazi kirefu huanza Juni na mvua hurejea Septemba. Anayefyatua tofali mwanzoni mwa Juni hujenga Julai na kuezeka Agosti. Anayeanza Agosti atakuwa na kuta mbichi wazi mvua ya kwanza itakapopiga, na turubai la kufunika mita 18 za ukuta si rahisi kulipata Muyinga siku ile ile.