Zabibu, “raisin” na chikichi: majina ya Kiingereza ya matunda yaliyokaushwa

Kwa kawaida, tunda likikaushwa halipotezi jina lake katika Kiswahili. Embe lililokatwa vipande na kuanikwa hubaki kuwa embe, na nanasi hubaki nanasi. Kinachoongezwa ni sifa tu, kama vile “kavu” au “lililokaushwa”. Kiingereza nacho hufuata utaratibu huo kwa matunda mengi, kisha kwa machache huuacha ghafla na kulipa tunda kavu jina la pekee. Hapo ndipo mfasiri hujikwaa.

Kigoma na Ujiji zinalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi kuliko kwingineko Tanzania. Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne. Mzigo unaoshushwa Mpulungu, Zambia, huandikiwa hati kwa Kiingereza. Unaoshushwa Uvira au Kalemie, Kongo, huandikiwa kwa Kifaransa. Na Kifaransa kimeenea vilevile katika ofisi za Bujumbura. Wafanyabiashara wenyewe huelewana kwa Kiswahili. Katoni moja ya matunda huweza basi kutajwa kwa lugha tatu, na kila lugha huficha ukavu wa tunda mahali pake.

Mfano ulio wazi zaidi ni zabibu. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako “zabib” ni tunda lililokaushwa peke yake. Lililo bichi huitwa “inab”. Kiswahili kilipolipokea neno kililipanua hata likawa jina la tunda kwa hali zote mbili, na mzabibu ukawa jina la mmea wake. Leo msomaji anapotajiwa zabibu za Dodoma huona shada bichi akilini, na akitaka zile za kutia katika pilau au keki hulazimika kuongeza “kavu”. Kiingereza kilikwenda njia ya kinyume. Kilichukua “raisin” kutoka Kifaransa, ambako neno hilo lilimaanisha, na mpaka sasa linamaanisha, tunda bichi. Kisha kikalibana hata likabaki kwa tunda kavu tu. Tunda bichi likapewa jina “grape”, ambalo nalo lina asili katika neno la Kifaransa la shada.

Matokeo yake si madogo. Mfasiri wa Kigoma anayekuta “raisin” katika hati ya Kiingereza ataandika “zabibu kavu”, na atakuwa sahihi. Akikuta neno lilo hilo, kwa tahajia ile ile, katika hati ya Kifaransa kutoka ng’ambo ya ziwa, atapaswa kuandika “zabibu” au “zabibu mbichi”, kwa maana kavu kwa Kifaransa ni “raisin sec”. Bidhaa ya kwanza hukaa ghalani miezi kadhaa, ilhali ya pili huoza baada ya siku chache.

Maandishi ya dini nayo yanataka uangalifu wa aina hiyo. Katika hadithi inayotaja vyakula vilivyokuwa vikitolewa kwa zaka ya fitri wakati wa Mtume, zabibu zimetajwa pamoja na tende na shayiri, kwa kipimo ambacho tafsiri za Kiswahili hukiita pishi. Mwanafunzi wa Ujiji anayeihamisha tafsiri hiyo ya Kiswahili kwenda Kiingereza kwa kutumia “grapes” ameipotosha. Chakula kinachokusudiwa ni kile kinachowekeka na kupimika kama nafaka, yaani “raisins”. Hapa “zabibu” imebaki na maana yake ya Kiarabu ingawa haikufuatiwa na “kavu”, na ni muktadha tu unaoweza kumwongoza mfasiri.

Ndani ya zabibu kavu zenyewe Kiingereza cha Uingereza hutenga aina tatu. “Raisin” ni jina la jumla, na pia la zile kubwa nyeusi. “Sultana” ni ya rangi ya dhahabu, isiyo na mbegu. Jina lake lina uhusiano na neno ambalo Mswahili analijua vema, sultani. “Currant” ni ndogo, nyeusi, na jina lake ni mabaki ya jina la mji wa Korintho. Wamarekani aghalabu hawatumii “sultana”, bali husema “golden raisin”. Kiswahili hakina haja ya kubuni maneno matatu: “zabibu kavu za dhahabu” na “zabibu kavu ndogo nyeusi” zinatosha. Tahadhari inayohitajika ni moja. “Blackcurrant” na “redcurrant” si zabibu hata kidogo. Ni matunda ya vichaka vya nchi za baridi, na chupa ya kinywaji cha “blackcurrant” ikiandikwa kuwa ni ya zabibu, mnunuzi amedanganywa.

Mtego wa zabibu hujirudia kwa plamu, tunda linalolimwa nyanda za juu kama Lushoto. Kwa Kiingereza bichi ni “plum”, kavu ni “prune”. Kwa Kifaransa “prune” ndiyo mbichi, na kavu ni “pruneau”. Tende ni nafuu: “date” hutumika kwa iliyo bichi na iliyokauka, na kwa kuwa tende ziuzwazo Ujiji wakati wa Ramadhani ni kavu tayari, hakuna sababu ya kuandika “dried dates”.

Sifa yenyewe, “kavu”, ina tatizo lake. Kiingereza hutofautisha “dry”, hali ya kutokuwa na maji, na “dried”, kilichokaushwa. Embe la kuanika ni “dried mango”. “Dry mango” humfanya msomaji afikirie embe lisilo na utamu wa maji. Lakini “dry fruit” ipo, tena kwa maana mbili. Katika Kiingereza cha Wahindi, ambacho kimeacha alama katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, “dry fruits” hujumuisha korosho na lozi pamoja na zabibu kavu na tende. Katika botania, “dry fruit” ni tunda ambalo ganda lake hukauka lenyewe linapokomaa, kama ganda la kunde au punje ya mahindi. Mwalimu wa biolojia anayeandika “tunda kavu” hana budi kueleza mara moja kwamba haongelei kitu kilichoanikwa, la sivyo darasa zima litataja tende.

Maembe yanastahili neno zaidi, kwa kuwa Ujiji ni mji wa miembe. Hata mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 panatambulishwa kwa mwembe. “Dried mangoes”, kwa wingi, huweza kueleweka kuwa maembe mazima, ingawa hutumika pia kwa vipande. Vipande ni “dried mango” au “dried mango slices”. Yaliyotiwa sukari kabla ya kukaushwa ni “sweetened dried mango”, na sharti sukari itajwe. “Sun-dried” ni yaliyoanikwa juani wazi, “solar-dried” ni yaliyokaushwa ndani ya kikaushio cha nishati ya jua, yakikingwa na vumbi na nzi. Kiswahili husema “yaliyokaushwa kwa jua” kwa yote mawili, na hivyo humnyima mzalishaji mwangalifu sifa aliyoigharamia.

Tunda linaloutambulisha mkoa wa Kigoma, hata hivyo, ni chikichi, na hapa hali hugeuka: Kiswahili ndicho chenye utajiri wa majina. Mtende, mnazi na mchikichi ni miti mitatu isiyochanganywa na mtoto yeyote wa Ujiji, lakini kwa Kiingereza yote ni “palm”, na lazima iongezwe “date”, “coconut” au “oil”. Tunda zima la mchikichi liitwe “palm fruit”. “Palm nut” ni jina la hatari, maana katika upishi wa Afrika Magharibi hutaja tunda zima, na viwandani hutaja kokwa iliyobaki baada ya nyama kukamuliwa. Kokwa hizo hukaushwa ili kiini kisinyae na kuachana na gamba. Kiini hicho ndicho “palm kernel”. Mawese, mekundu, hutoka katika nyama na ni “palm oil”. Mise hutoka katika kiini na ni “palm kernel oil”, mafuta ambayo kwa tabia yake yanakaribia zaidi yale ya nazi. Kwa Kifaransa ni “huile de palme” na “huile de palmiste”, jozi inayotofautiana kwa silabi moja tu. Kuandika “palm oil” kwa yote mawili ni kumpelekea mteja mafuta ambayo hakuyaagiza.

Mbata ya pwani nayo ina jina lake, “copra”, ambayo hukamuliwa mafuta. Nazi iliyokunwa na kukaushwa kwa ajili ya keki ni “desiccated coconut”.

Kuhusu matunda yaliyopikwa kwa sukari, “jam” ni jemu ya tunda lolote, ilhali “marmalade” ya Kiingereza ni ya jamii ya machungwa pekee. “Marmelade” ya Kifaransa haina mpaka huo. Dawa inayotiwa ili chakula kisiharibike ni “preservative”, kwa Kiswahili kihifadhi. Kifaransa kina “préservatif”, ambayo ni kondomu. Kihifadhi cha chakula kwa lugha hiyo ni “conservateur”, na kopo la jemu lililoandikwa “sans conservateur” hutafsiriwa kwa Kiingereza “no preservatives”, na kwa Kiswahili “haina vihifadhi”.