Mchezo wa uhusika: jinsi ya kuanza bila dadu na bila kitabu

Usiku wa kwanza tulicheza vibaya sana, na kosa halikuwa la kanuni. Tulikuwa watano kwenye baraza ya nyumba moja hapa Nguba, umeme umekatika, taa ya kuchaji katikati ya meza. Msimamizi wetu, ambaye kwa kusimulia anatushinda sote, alianza: mtumbwi umeondoka ufukweni saa mbili usiku kuelekea Idjwi, mawimbi yanapanda, mvuvi mzee ameanza kusali. Akaendelea. Mtumbwi ukapinduka, tukaogelea, tukaokolewa na mwanamke asiye na kivuli, akatupeleka kwake. Ilipopita saa nzima, dada mmoja wa mwaka wa pili akauliza kwa upole: "Yaya, na sisi tutacheza saa ngapi?"

Swali hilo limenifundisha zaidi ya kurasa zote nilizosoma baadaye. Sisi tumekulia katika hadithi za jioni. Tunajua kuitikia, kucheka, kushangaa kwa wakati wake. Lakini anayeitikia hadithi hashiki kasia: mtumbwi ukizama, umezama, maana bibi alikwisha kujua kwamba utazama. Mchezo ninaotaka kuueleza hapa unampa kasia msikilizaji.

Kwa Kifaransa huitwa jeu de rôle. Mimi nitauita mchezo wa uhusika, mpaka atakayeleta jina bora zaidi alete. Huchezwa na watu watatu hadi sita wakiwa wameketi pamoja. Mmoja wao ni msimamizi: anaeleza mahali, anasema kwa niaba ya watu na viumbe wote ambao hawana mchezaji, na anapima ugumu wa mambo. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake mmoja tu, na ndiye anayeamua mhusika huyo anasema nini na anafanya nini. Hakuna mshindi. Ubao wa kuchezea si lazima. Mwisho wa kisa haujulikani na mtu yeyote, hata msimamizi, na hapo ndipo msimamizi wetu alipokosea usiku ule: alikuja na mwisho mfukoni.

(Mwanzoni tulimwita "mwalimu". Watu wakaanza kunyosha mkono kabla ya kusema. Tukaliacha neno hilo upesi.)

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, mji wa kando ya ziwa kama wetu. Walikuwa wachezaji wa michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza vikosi vya askari wadogo wadogo. Badiliko lao kubwa lilikuwa kumpa kila mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi. Ukiwa na jeshi unahesabu hasara; ukiwa na mtu mmoja unaanza kujiuliza anaogopa nini.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Msimamizi anaeleza hali. Mchezaji anasema anachofanya. Kama matokeo hayana shaka, msimamizi anayasema na kisa kinasonga: mtu akifungua mlango usiofungwa, mlango umefunguka. Kama yana shaka, na kama kushindwa kutaleta jambo la maana, bahati inaulizwa. Mgeni hudhani dadu hurushwa kila wakati. Hapana. Jioni nzima nzuri inaweza kupita na dadu ikaulizwa mara kumi tu.

Katika Dungeons & Dragons bahati huulizwa kwa dadu ya pande 20, na mhusika ana vipimo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kipimo cha 10 au 11 ni cha mtu wa kawaida na hakiongezi kitu; kila hatua mbili juu ya hapo huongeza 1, hivyo mwenye nguvu 16 anaongeza 3. Tuseme anapiga kasia dhidi ya wimbi, na msimamizi amepima kazi hiyo kuwa 15, yaani ugumu wa kati. Mchezaji anahitaji dadu imletee 12 au zaidi: nafasi 9 katika 20, sawa na 45 kwa 100. Mwenzake akimsaidia, anarusha mara mbili na kuchukua namba iliyo bora, na nafasi yake inapanda hadi karibu 70 kwa 100. Hesabu hiyo inawafundisha wachezaji kusaidiana upesi kuliko mawaidha yoyote.

Dadu ya pande 20 sijaiona dukani hapa. Si kizuizi. Mwaka 1979 wachapishaji wenyewe walipungukiwa na dadu, wakaweka ndani ya sanduku vipande vya karatasi ngumu vyenye namba. Sisi tulikata karatasi 20, tukaziandika namba, tukazitia katika kofia. Ila tulisahau jambo moja: kila karatasi ikishasomwa lazima irudi kofiani. Hatukurudisha. Kufikia saa tatu usiku kila mtu alikuwa anajua kwamba 1 imekwisha kutoka na 20 bado imo, na ghafla waoga wote wakawa mashujaa.

Kuhusu kanuni: mnamo Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons, na mwaka huohuo zikatoka kwa Kifaransa pia. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuzitumia na kuzitafsiri, mradi awataje wenyewe. Anayetafuta mada ya zoezi la tafsiri, kazi iko hapo na haina mwenyewe. Lakini kwa usiku wa kwanza kurasa hizo zote si lazima. Andika vipimo sita kwenye karatasi, ongeza sentensi mbili: mhusika anataka nini, na ni nani anayemngoja nyumbani. Inatosha.

Kwa mwanafunzi wa lugha utamu uko kwingine, kwenye vitenzi. Mchezo huu hauna kitu isipokuwa maneno, kwa hiyo umbo la kitenzi ndilo linaloamua kitu gani kimetokea. Sikiliza meza ya wanaoanza. Mmoja anasema "Naingia." Ameingia. Hakueleza tendo, amelitenda kwa kulisema. Ni mfano safi wa yale J. L. Austin aliyofundisha Harvard mwaka 1955, na hauhitaji kasisi wala hakimu. Mwingine anasema "Niingie?" Huyo amemrudishia msimamizi kasia. Wageni huongea hivyo jioni nzima, kwa adabu njema tuliyofunzwa nyumbani, na msimamizi mzuri hawajibu "ndiyo" wala "hapana", anawarudishia kitenzi: "Unaingia?" Na wa tatu anasema "Najaribu kuingia." Huyo mwenyewe ameona kwamba kuna shaka, na mkono wa msimamizi unakwenda kwenye kofia.

Umbo la -nge- ndilo lililotugombanisha. Mwenzetu mmoja alisema juu ya yule mvuvi mzee, "Mimi ningemsukuma." Msimamizi akasikia tendo, mzee akaanguka majini. Mwenyewe akaapa kwamba alikuwa anawaza tu kwa sauti. Tulibishana karibu nusu saa, sarufi mkononi, na kutoka usiku ule meza yetu ina sheria: -nge- haihesabiwi. Ukitaka jambo litokee, litamke katika wakati uliopo.

Nafsi ya kwanza nayo inafanya vituko. "Mimi" ni nani? Nimemsikia mtu akisema, bila kutua, "Nimekufa, nipitishie chai." Aliyekufa ni mhusika, anayetaka chai ni mchezaji, na hakuna hata mmoja mezani aliyechanganyikiwa. Ningefurahi kusoma utafiti wa mtu juu ya jambo hili.

Sasa niseme juu ya joka, maana bila joka mchezo huu haujulikani hata kwa jina lake. Kamusi zinatupa "joka", yaani nyoka mkubwa. Msimamizi alipolitumia, wote tukafanya vile watu wanavyofanya wakiona nyoka: fimbo, mawe, moto. Hakuna aliyefikiri kuzungumza nalo. Wiki iliyofuata mwenzetu wa kutoka Walikale akamkumbusha msimamizi kwamba Kivu ina mnyama wake. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Shekarisi Rureke aliusimulia kwa siku 12 mwaka 1956, na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, yumo Kirimu: mweusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, tumbo kubwa. Si nyoka. Jina lake linaonekana ni la ukoo mmoja na zimwi la Kiswahili na irimu la Kikikuyu. Na zimwi, kila mtoto anajua, halipigwi mawe. Zimwi hudanganywa. Msimamizi alipobadilisha neno hilo moja tu, meza ikabadilika: mmoja akaanza kulisalimia kwa heshima, mwingine akalitafutia chakula, wa tatu akauliza linalala saa ngapi.

Utendi huo una funzo jingine kwa msimamizi. Mwindo anamuua Kirimu kweli, kwa usinga wake wa conga. Lakini Kirimu alikuwa na rafiki, Nkuba, mwenye radi, naye anamchukua Mwindo juu angani akae huko mwaka mzima kwa ajili ya damu ile. Katika vitabu vingi vya mchezo huu kiumbe akiuawa hesabu imefungwa, unaokota dhahabu yake unaendelea. Siku hizi msimamizi wetu, kabla ya pigo la mwisho, huuliza: "Na rafiki yake ni nani?"

Jambo la lugha ya mezani nilidhani dogo. Usiku mbili za kwanza tulicheza kwa Kifaransa, kwa sababu kanuni tulizisoma kwa Kifaransa. Wawili kati yetu walikuwa karibu kimya. Mmoja ni jirani, fundi wa pikipiki, aliyekuja kwa kuwa taa ilikuwa yake. Usiku wa tatu tukahamia Kiswahili chetu cha Bukavu, si hiki ninachokiandika hapa, na yule jirani akauliza swali lake la kwanza: "Hii mutumbwi iko na moteri ao ya kasia?" Msimamizi hakuwa amefikiria. Akasema ina moteri. "Basi mi nazima moteri," akasema fundi, "tusikie ni nini iko nakuja." Kisa chote cha usiku ule kilitoka katika moteri ile iliyozimwa. Walimu wangu watanisamehe, lakini ngeli zake hazikumzuia mtu kumwelewa.

Mwisho, jambo ambalo vitabu vya kule vilichelewa kuliweka na ambalo hapa kwetu lazima liwe la kwanza. Visa vya mchezo huu vimejaa uvamizi: kijiji kinachomwa, watu wanakimbia, mashujaa wanafika. Kwa mtu wa Wisconsin hilo laweza kuwa jambo la kuwaza tu. Mezani petu, wawili kati ya watano wamewahi kulala katika nyumba za watu wengine kwa sababu ya kukimbia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kila mmoja huandika kwenye karatasi, bila jina, jambo ambalo hataki likutane naye katika mchezo. Karatasi zinaingia katika kofia ileile ya namba, msimamizi anazisoma peke yake, na hakuna anayeulizwa sababu. Mchezo ukiendelea, mtu yeyote akiweka kiganja juu ya meza, tunaruka mahali hapo na kwenda mbele.

Karatasi moja iliandikwa: "Watu wanaogonga mlango usiku." Msimamizi alikuwa amepanga yule mwanamke asiye na kivuli arudi kwa kugonga mlango wetu. Akaisoma karatasi, akaikunja, akanywa chai kidogo. Usiku ule tulimkuta ameketi ufukweni kwenye mwanga wa mwezi, akianika sambaza, na yeye ndiye aliyetuomba ruhusa ya kusogea.