Omweso Waingia Katika Kompyuta

Jua linapokuchwa mjini Jinja, askari aliyemaliza zamu huvua buti, huketi kivulini na kuuliza ni nani aliye tayari kwa omweso. Mara watu huuzunguka ubao. Wawili hucheza, na waliobaki hutoa mashauri ambayo hawakuombwa. Mjini Mbale, chini ya mlima Wanale, mambo ni yale yale. Kete hugonga mbao, mtu hucheka, mwingine hudai kwamba ameibiwa.

Mchezo huu wa wazee wetu unaweza sasa kuwa kazi nzuri kwa kijana anayejifunza elimu ya kompyuta, awe wa kiume au wa kike. Katika vyuo vingi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa kubuni programu yake mwenyewe na kuitetea mbele ya walimu. Mjini Mbale, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa mwaka 1988, na mjini Jinja pia, vijana wa namna hiyo hawakosekani. Wengi wao hutunga programu za kuhesabu mauzo ya duka au alama za mitihani. Hizo ni kazi njema. Lakini omweso humtaka kijana jambo ambalo duka halimtaki: kuketi na mzee na kumsikiliza.

Kete 64 na mashimo 32

Ubao wa omweso una safu 4 zenye mashimo 8 kila moja. Kila mchezaji humiliki safu 2 za upande wake, pamoja na kete 32. Kwa desturi kete huwekwa 4 kwa 4 katika safu ya nje, kisha kila mchezaji huzipanga atakavyo kabla ya mchezo kuanza.

Mwenye zamu huteua shimo lenye kete 2 au zaidi, huzichota zote na kuzipanda moja moja katika mashimo yake, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, zamu imekwisha. Ikianguka penye kete, huzichota tena na kuendelea. Lakini ikiwa shimo hilo limo katika safu yake ya ndani, na mashimo yote 2 ya mpinzani yanayolikabili yana kete, basi huziteka kete hizo na kuzipanda upande wake, akianzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Asiyeweza kucheza tena ameshindwa.

Kwa kompyuta, ubao huo wote si kitu ila orodha ya namba 32, kila namba ikionyesha kete zilizomo katika shimo moja. Ndiyo maana kazi hii haihitaji mashine ya gharama kubwa. Namba hizo pia humpa mwanafunzi mlinzi asiyelala: jumla yao ni lazima iwe 64 baada ya kila zamu. Mtunza ghala la silaha huhesabu bunduki kila jioni, na ikipungua moja hapati usingizi. Vivyo hivyo, programu ikionyesha kete 63, mwanafunzi ajue kwamba amekosea mahali fulani, hata kama picha zake zinapendeza.

Sheria iliyo katika vidole

Ugumu wa kwanza si hesabu, bali ni maneno. Mzee aliyecheza miaka 40 hafikirii sheria. Vidole vyake ndivyo vinavyozijua. Kompyuta nayo haina vidole wala mazoea. Haifanyi ila lile ililoagizwa, na agizo likiwa na pengo, huangukia humo humo.

Mathalani, katika omweso mchezaji anaruhusiwa kupanda kete kwa kurudi nyuma kutoka mashimo yake 4 ya mwisho upande wa kushoto, ikiwa kufanya hivyo kutampatia mateka papo hapo. Mwanafunzi aliyeujua mchezo kwa kutazama tu huenda asiijue kanuni hiyo kikamilifu.

"Mzee, je, naweza kurudi nyuma hata kama siteki kitu?" atauliza.

"Mwanangu, acha maneno. Weka kete hapa, nikuonyeshe," mzee atajibu.

Hapo ndipo kazi huanza. Kijana atazame, aulize tena, aandike katika daftari, kisha amsomee mzee alichoandika. Akizungumza na wazee watatu, huenda akapata majibu mawili. Basi aandike yote mawili, achague moja kwa ajili ya programu yake, na awaeleze walimu sababu ya uchaguzi huo.

Mchezo usiokoma

Ugumu wa pili huwashangaza wengi. Kwa kuwa kete huchotwa tena na tena, upo mpangilio ambao zamu moja huzunguka bila kikomo. Binadamu atachoka na kusema basi. Kompyuta haichoki, itazunguka mpaka umeme ukatike, na mtazamaji atadhani mashine imeharibika. Katika mashindano wachezaji huwekewa kikomo cha muda. Mwanafunzi naye aweke kikomo chake: programu ihesabu mizunguko, na ikipita idadi iliyokubaliwa, itangaze kwamba mchezo huo umefutwa na uanzwe upya.

Kuifundisha mashine kufikiri

Programu ikishajua sheria, yabaki kuifundisha kuchagua. Mwaka 1950, mtaalamu wa Marekani, Claude Shannon, alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kucheza sataranji: itazame hatua chache mbele, iupime kila mpangilio utakaotokea, na ichukulie kwamba mpinzani naye atachagua lililo jema kwake. Njia hiyo yafaa hata kwa omweso. Tuseme kila mchezaji ana njia 10 za kucheza. Kutazama hatua 2 mbele ni kupima mipangilio 100; hatua 4 ni 10,000; hatua 6 ni 1,000,000.

Wataalamu wa Uholanzi wamekwenda mbali katika michezo ya jamii hii. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal walitumia kompyuta nyingi kwa pamoja kuumaliza mchezo wa awari, wenye mashimo 12 na kete 48. Walipima mipangilio zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Mwaka huo huo, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika juu ya kuiprogramu bao ya Waswahili, iliyo ndugu wa omweso. Lakini kete 64 zaweza kukaa katika mashimo 32 kwa njia zinazokaribia 1 yenye sifuri 25 nyuma yake. Mwanafunzi, basi, asiahidi kuumaliza omweso. Inatosha mashine yake icheze kwa haki na kumtoa jasho mtu wa kawaida.

Wajibu wa nyumbani

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akiomba ubao na kete, asiambiwe kwamba anapoteza wakati. Majaribio ya kwanza hufanywa kwa mkono kabla ya kuigusa kompyuta: baba acheze, mama ahesabu, kijana aandike. Maelezo ya programu yaweza kuandikwa kwa Kilusoga, Kigisu au Kiswahili, ili hata jirani katika kambi aelewe bila mkalimani.

Mwisho, kabla ya kuwafikia walimu, programu ipelekwe kwa yule mzee aliyeulizwa mwanzoni. Ikicheza hatua isiyoruhusiwa, ataikemea kama anavyomkemea jirani. Ikicheza sawasawa, atanyamaza na kuinamia ubao. Alama za chuo zitapatikana siku moja na kusahauliwa, lakini sheria zilizoandikwa katika daftari lile zitabaki hata siku mzee huyo asipokuwapo kivulini. Kwa hiyo kijana asingoje. Aende jioni hii, wazee wangali wameketi.