Kabla ya Kuovateki Kibaigwa

Kati ya Pandambili na Mbande, wilayani Kongwa, dereva wa basi aliye nyuma ya semi-trela haoni mbele. Anachoona ni milango ya kontena na kipande cha lami upande wa kulia. Dereva wa lori akiwa muungwana atawasha indiketa ya kushoto: njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, kuna gari linakuja, tulia. Barabara hii inabeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo pamoja na mahindi ya soko la Kibaigwa, na kila siku uhai wa abiria wengi hutegemea taa hiyo moja na imani ya watu wawili wasiojuana.

Teknolojia ya magari kuwasiliana kwa redio imekusudiwa kufanya kazi ya indiketa hiyo, kwa uhakika zaidi. Kila gari hufungwa redio ndogo inayotangaza, hadi mara 10 kwa sekunde, mahali lilipo, mwendo wake, linakoelekea na kama limeshika breki. Magari ya jirani hupokea tangazo hilo moja kwa moja, bila mnara wala intaneti. Mahali peupe na tambarare mawimbi yanaweza kufika mita 300 na zaidi. Sasa piga hesabu: basi na lori vinakabiliana, kila kimoja kwa kilomita 80 kwa saa. Vinakaribiana kwa mita 44 kila sekunde, kwa hiyo mita 300 zinaisha kabla ya sekunde 7. Onyo likipigwa mapema hivyo, dereva ambaye hajatoka upande wake atabaki alipo, na aliyekwisha kutoka anaweza kupata nafasi ya kurudi.

Hata gari linalojiendesha lenyewe linahitaji redio hiyo. Kamera na rada zake zinazuiwa na kontena kama macho yetu yanavyozuiwa. Redio nayo ina udhaifu wake, kwa sababu bodi la chuma la lori hupunguza nguvu ya mawimbi. Ndiyo maana wahandisi wanataka lori lenyewe, ambalo linaona mbele, liwapashe habari walio nyuma.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Sikubaliani nao. Mabasi yanayopita Kibaigwa tayari yana kifaa cha VTS, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari ulioanza enzi za SUMATRA, mdhibiti wa zamani wa usafiri, na sasa uko chini ya mrithi wake, LATRA. Kifaa hicho hujua basi lilipo kwa setilaiti, kisha hupeleka mwendo wake ofisini kwa mtandao wa simu. Kusini kidogo, upande wa Mpwapwa, treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024 imejengewa mfumo wa ETCS, ambao humpa dereva ruhusa ya kusonga kwa redio.

Lakini VTS inazungumza na ofisi, si na gari la jirani. Inamshtaki dereva aliyezidisha mwendo. Haimwambii kwamba nyuma ya kontena kuna lori la Fuso linakuja. Basi na Fuso havijuani hata kidogo. Pengo hilo ndilo linalonikosesha usingizi, maana kwenye barabara ya njia mbili isiyo na ukuta katikati, ajali ya uso kwa uso haisubiri ripoti ifike Dar es Salaam au Dodoma.

Tatizo la kwanza ni masafa. Ulaya na Marekani zimetenga mawimbi ya karibu gigahezi 5.9 kwa kazi hii, ingawa zimevutana kwa miaka mingi kuhusu aina ya redio: ya ukoo wa Wi-Fi au ya ukoo wa simu. Japani ilichukua njia yake. Toyota ilianza mwaka 2015 kuuza magari yanayowasiliana kwa megahezi 760. Hapo ndipo sisi tunapoguswa, kwa sababu magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Wengi wetu tumepanda gari ambalo likiwashwa tu linasema maneno ya Kijapani. Mara nyingi ni kisanduku cha kulipia barabara za kule, kinaulizia kadi yake. Hicho hakina madhara. Redio ya megahezi 760 ni habari nyingine: katika ukanda wetu mawimbi hayo yamo kwenye bendi ya 700 ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeipiga mnada kwa kampuni za simu. Gari la namna hiyo likipita karibu na watu linaweza kuvuruga simu zao. Australia na New Zealand zimeshalikuta tatizo hilo kwenye mitumba ileile.

La pili ni idadi. Kama gari 1 kati ya 10 lina redio, uwezekano wa magari mawili yanayokutana kuwa nayo yote ni 1 kati ya 100. Kusubiri kila gari dogo kama Toyota IST lifungwe kifaa ni kujidanganya, na ng'ombe anayekatiza barabara hatatangaza chochote. Tuanze na mabasi na malori ya masafa marefu. Ndiyo yanayoziba njia, ndiyo yanayobeba watu wengi, na mabasi yameshazoea kufungwa vifaa kwa amri. Malori ya nchi jirani yaingizwe kwa makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, la sivyo nusu ya mazungumzo itakosekana.

TCRA itangaze mapema masafa ya magari, shirika la viwango, TBS, liongeze redio kwenye ukaguzi wa magari ya mitumba, na LATRA, inapoandika masharti ya kizazi kijacho cha VTS, idai kifaa kinachoongea pia na gari la jirani. Wamiliki wa mabasi nao waulize swali hilo kabla ya kununua kifaa kipya.