Leso Pekee Hazitoshi: Haki ya Binti wa Ndhiwa Nyumbani Mwetu

Kila mwisho wa mwaka, mabasi yatokayo Mombasa kuelekea magharibi ya Kenya huwabeba mabinti waliotumika majumbani mwetu. Wamo wanaoshuka Rodi Kopany na kushika njia ya Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, kwenye nchi ya miwa inayopakana na Migori. Mkononi binti ana mfuko wa leso alizopewa na mama wa nyumba, na nyuma yake ana miaka ya kufua, kupika na kulea watoto wasiokuwa wake. Tujiulize: ukiondoa zile leso, miaka hiyo imemwachia nini?

Wengi wetu hujiona mama wa nyumba tu. Neno mwajiri twamwachia mwenye kiwanda au duka kubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikututenga hivyo. Aliyemwajiri dada wa kazi, awe mume au mke, ni mwajiri kamili. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe, na ni mwajiri anayepaswa kuuandaa. Ikiwa binti hajui kusoma au haifahamu lugha ya mkataba, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kazi ya maandishi haya huonekana siku ya ugomvi: mwajiri asipoweza kuutoa mkataba mbele ya mahakama, ni juu yake kuyakanusha madai ya mfanyakazi kuhusu walichopatana.

Safari ile ya kwenda kwao pia si hisani yetu. Kila miezi kumi na miwili ya utumishi, mfanyakazi ana haki ya siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kamili, na katika kila siku saba ana siku moja ya kupumzika.

Tuje kwenye ujira. Agizo la mishahara humweka yaya na mtumishi wa nyumbani katika daraja moja na kibarua wa kawaida. Kwa kiwango kilichoanza tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini katika jiji la Mombasa ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu malipo ya makaazi. Kwa mshahara huo haendi kodi ya mapato, kwa kuwa kodi hiyo huwafikia wanaozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Hata hivyo, yako makato matatu yasiyomsamehe mwenye kipato kidogo.

La kwanza ni akiba ya uzeeni ya NSSF. Binti hukatwa asilimia 6, na mwajiri huongeza asilimia 6 kutoka mfukoni mwake. La pili ni bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hapa hukatwa asilimia 2.75, na mwajiri haongezi kitu ila ana wajibu wa kuifikisha. La tatu ni tozo ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri.

Tufanye hesabu kwa kima hicho, tukikadiria kwa shilingi nzima. Binti atakatwa 967 za NSSF, 443 za SHA na 242 za tozo ya nyumba, jumla 1,652. Mkononi atapokea 14,462. Nawe utaongeza 967 na 242, yaani 1,209. Jumla ya 2,861 yapaswa kufika kunakohusika kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tozo ya nyumba hulipwa kupitia mtandao wa iTax wa KRA, kwa namba ya PIN ya mwajiri.

Wapo wasemao, "Binti mwenyewe hataki kukatwa, ataka fedha zake zote mkononi." Ridhaa yake haiuondoi wajibu wako. Wengine husema, kwa haki, kwamba kipato cha nyumba ni kidogo. Huyo ni afadhali apatane na msaidizi wa siku chache kwa juma, amlipe kwa ukamilifu, kuliko kumweka mtu mwezi mzima kwa nusu ya haki yake.

Lililo zito zaidi ni kukata na kutopeleka. Fedha iliyotolewa katika mshahara wa mtu kwa jina la bima yake haikuwa yako hata kwa siku moja, ni amana. Hadithi ya jasho la mwajiriwa twaisikia mara nyingi mimbarini. Makato yaliyozuiliwa nayo ni sehemu ya ujira ule ule.

Athari yake huonekana mbali na jikoni kwetu. Binti akilazwa hospitalini, huku Mombasa au kwao Ndhiwa, ndipo itakapotazamwa kama michango yake imelipwa. Akizeeka, akiba ya NSSF itahesabiwa kwa kilichofikishwa, si kwa kilichokatwa. Nawe hukusalimika: asiyekuwa mwanachama wa NSSF aweza kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliokufanyia kazi.

Basi mwezi huu, keti naye baada ya kazi za mchana. Mwulize kama ana PIN ya KRA na namba ya NSSF. Kama hajajiandikisha SHA, mwelekeze kupiga *147# kwenye simu. Andikeni mkataba, kila mmoja abaki na nakala yake, na kila mwezi mpe karatasi inayoonyesha mshahara na makato. Leso mnunulie, ni uungwana. Lakini atakaposhuka Rodi Kopany, awe na stakabadhi zake pia, na bima inayofanya kazi.